Turubai Lililokwenda Msibani

Mpaka leo nikifika msibani na kuona turubai limetandikwa juu ya watu, jambo la kwanza ninalowaza ni nani amelitoa na atalirudisha lini. Wenzangu huuliza marehemu aliugua nini. Mimi macho yangu yako juu, yanatafuta muhuri kwenye pindo. Ni ugonjwa, na niliupata kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa mtunza vifaa kwenye ghala la ushirika wa pamba huko Shinyanga. Walioniambukiza walikuwa watu wema, wakarimu, wenye heshima zao, na ndiyo maana hasira yangu haikupata pa kukaa.

Nitaeleza jinsi pamba ya mama mmoja, jasho lake la msimu mzima, ilivyokaribia kuozea nje kwa sababu turubai la kuifunika lilikuwa limetandikwa juu ya watu waliokuja kumlilia yeye mwenyewe.

Kwanza kazi yenyewe. Wakulima walipeleka pamba kwenye gulio la chama chao, ikapimwa, ikaingizwa kwenye banda la bati kungoja malori ya kwenda kiwandani. Banda likijaa, pamba ilirundikwa nje na kufunikwa turubai. Sasa, maturubai hayakuwa ya gulio lolote. Yalikuwa ya wote. Gulio lenye pamba nje linachukua, likimaliza linarudisha, na jingine linachukua. Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Maturubai yalitosha kabisa, ili mradi kila mtu arudishe.

Hakuna aliyerudisha. Karani wa gulio akishapata turubai, angekubali kukuazima baiskeli yake mpya ukapigie mwereka barabarani kuliko kuliachia lile. Ukimuuliza, anakwambia kesho huenda pamba ikaja nyingi. Kesho yake anakwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo gulio moja lina maturubai yamekunjwa darini yanatafunwa na panya, na gulio la pili limeleta mjumbe ghalani kwangu analia kwamba pamba yao iko kwenye umande. Mengine yalianikia karanga. Mengine yalifunika matofali ya katibu. Machache yalipita huku na huku hadi machimboni upande wa Geita, yakawa nyumba za wachimbaji, na turubai likishakuwa nyumba ya mtu usihangaike kulifuata.

Mkuu wetu wa ghala akatunga sheria. Turubai likilala siku mbili bila pamba ya chama chini yake, lirudi. "Likilala" lilikuwa neno lake, na alilipenda sana. Dereva wa lori la ghala akapewa kazi ya kuzungukia magulio na kukusanya yaliyolala. Lori lenyewe lilikuwa moja, bovu, na hilo hilo ndilo lililobeba mbegu, dawa ya kunyunyizia, vipuri, mizani iliyokwenda kutengenezwa, na wajumbe kila palipokuwa na mkutano. Kukusanya maturubai ilikuwa kazi ya katikati ya kazi. Mkutano mmoja tu ukiongezwa, wiki nzima hakuna turubai linalorudi.

Makarani nao si wajinga. Wakiona vumbi la lori linakuja, walichota pamba mkumbo mmoja wakaitupia chini ya turubai. Waliita kuliamsha. Dereva akifika, turubai liko macho, na hawezi kuligusa. Lilikuwapo gulio lililotunza furushi moja la pamba kwa ajili hiyo tu. Lile furushi lilizeekea kazini. Nilipomweleza mkuu, aliniambia sheria imesema pamba, haikusema pamba kiasi gani. Nilitoka ofisini kwake nikaenda kupiga teke gunia.

Ndipo lori likapotea. Dereva alitumwa asubuhi kuzungukia magulio ya njia ya kwenda Geita, akakusanye yote yaliyolala, kwa sababu mawingu ya mwaka ule yalianza kujikusanya mapema na huko Kahama walikuwa wakipiga simu kudai maturubai mpaka karani wa simu akatukasirikia. Hakurudi jioni, wala kesho yake. Mkuu akamtuma tarishi kwa pikipiki amfuate. Tarishi naye hakurudi.

"Nenda wewe," mkuu akaniambia. "Wewe ni mkali."

Nilipata lifti kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akipeleka mafuta ya taa kwenye maduka ya huko. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia dereva. Tulipokaribia gulio, nikaona ng'ambo ya barabara boma lenye watu wengi, na juu yao turubai la kijani limevutwa kwa kamba kwenye miti. Sikuhitaji kusoma muhuri. Chini yake, kwenye vigoda, katikati ya wazee, alikaa dereva wangu. Pembeni yake utingo wake. Pembeni ya utingo, tarishi, na kikombe cha chai mkononi. Lori lilikuwa nyuma ya nyumba limejaa kuni.

Yule mfanyabiashara alishuka, akatoa pole kwa wazee, akawaachia debe la mafuta ya taa kama rambirambi, akaondoka zake. Nilimtazama akienda kwa wivu. Siku ile hakuna mwingine aliyejua namna ya kuondoka pale.

Niliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, kama inavyopasa. Shikamoo, marahaba. Kisha kwa Kisukuma: mwadila, mayu, mwadila, baba. Nilipomfikia dereva nilikuwa nimekwisha kuchemka.

"Dada, karibu," akasema. "Kaa kwanza."

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuta msiba."

"Nimeona. Turubai mbona hujalichukua?"

Akaangalia juu, akaangalia wazee, akashusha sauti. "Dada, nitalichukuaje? Lina watu."

"Sheria inasema pamba. Halina pamba. Limelala."

"Halijalala hili," akasema. "Hili linafanya kazi kuliko yote tuliyonayo."

Hapo nikakosea. Nikainuka, nikawageukia wazee, nikasema kwa sauti ya kikazi, "Wazee wangu, poleni sana na msiba. Mimi nimetumwa na ghala kuja kuanua turubai."

Ghalani neno hilo tulilisema kutwa nzima. Anua, kunja, panga. Kuna wingu, anua. Jua limetoka, tandika. Lakini pale hata wanawake waliokuwa jikoni walichungulia. Mzee mmoja, shemeji wa marehemu na ndiye aliyeongoza msiba, akaweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni wa ukoo gani hata uje kutuanulia matanga?"

"Si matanga, baba. Turubai."

"Na sisi tumekaa chini ya nini?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Walinisikiliza kwa upole mno, na upole wao ndio ulionimaliza. Kumbe tangu chama kilipoanza kutoa turubai kwenye msiba wa mwanachama, pale kijijini walikuwa wameshajiwekea desturi: kulitandika ndiyo kuanza matanga, kulishusha ndiyo kuyamaliza, na wa kulishusha ni ndugu mkubwa wa marehemu peke yake. Maturubai yenyewe yaliletwa juzi tu! Mimi mwenyewe nilikuwapo yakishushwa kutoka kwenye behewa. Lakini mzee yule alilizungumza jambo hilo kana kwamba babu zake walihama nalo.

"Huyo ndugu mkubwa yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko mbali, kule mbele ya Geita. Ameshapelekewa habari. Atakuja akipata usafiri."

"Si kuna lori hapa?"

Dereva akakohoa. "Dizeli ni ya kurudi tu, dada. Halafu kibali changu kinaishia hapa."

Kwa hiyo lori lilikuwa linangoja turubai, turubai linangoja kaka, na kaka huko aliko anangoja lori. Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka kicheko kikubwa, mbele ya wafiwa, nikashindwa kukizuia mpaka machozi yakanitoka. Wanawake wawili wakaja mbio, wakanishika huku na huku. "Pole, mwanangu, jikaze," wakaniambia, wakidhani nimeshindwa na uchungu, wakanipeleka ndani kwa heshima zote.

Ndani ndiko nilikomkuta binti wa marehemu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, wa rika langu hivi. Alisubiri wanawake walionileta watoke, akanisogelea.

"Wewe ndiye wa ghalani?"

"Ndiye mimi. Pole sana, ndugu yangu."

"Asante. Mvua itanyesha?"

Nikamtazama. Mtu kafiwa na mama yake anauliza mvua.

"Pamba ya mama iko pale gulioni," akasema haraka haraka, kwa sauti ya chini. "Haijapimwa. Karani alisema banda limejaa, angoje. Mama akangoja palepale mpaka akaugua, ndipo tukamleta nyumbani. Iko nje, nimeifunika kanga mbili tu. Ikinyeshewa itakuwa fifi, ya bei ya chini, na ikikaa na maji mbegu zitaota humo humo. Wadogo zangu hawana kitu kingine mwaka huu."

"Umewaambia wazee?"

"Niwaambieje? Mfiwa anaulizia pamba kabla ya matanga kwisha? Watasema nilikuwa nangoja afe."

Nilitoka nje kwa mlango wa uani, nikamtafuta karani wa gulio. Sikuhangaika, naye alikuwa msibani, amekaa kwenye kiti chenye mgongo kwa kuwa ni mtumishi wa chama. Nikamvuta pembeni.

"Kwa nini hupimi pamba za watu?"

"Sina pa kuziweka. Banda limejaa, malori makubwa hayajaja. Nikiipima inakuwa ya chama, na ikinyeshewa ikiwa ya chama nafukuzwa kazi. Isipopimwa ni ya mkulima."

"Ifunike."

"Kwa turubai gani?"

Nikanyoosha kidole juu.

"Aa, hilo liko msibani," akasema.

"Nani alilitoa?"

"Mimi. Marehemu alikuwa mwanachama mzuri sana. Tungemnyima turubai, watu wangetuelewaje?"

"Na pamba ya huyo mwanachama mzuri iliyoko nje?"

Akatikisa kichwa, uso umemsawajika kweli kweli. "Hiyo dada inaniuma sana," akasema, akanimiminia chai.

Nikaichukua ile chai nikainywa, ningefanya nini? Nilikuwa nimekuja kukemea watu wabaya na sikuwa nimempata hata mmoja. Dereva alikaa kwa sababu huwezi kukuta msiba ukapita. Utingo alikwenda kuleta kuni kwa sababu aliombwa. Tarishi alikaa kwa sababu dereva kakaa. Karani alitoa turubai kwa huruma. Wazee walikuwa wanamheshimu marehemu kwa kila walichokuwa nacho. Na kwa wema wote huo uliojaa boma zima, yule binti alikuwa amefungwa kwenye mkeka anasikiliza ngurumo. Nilitamani angetokea hata mwizi mmoja nimshike.

Nilijaribu mara nyingine kwa yule mzee. Nilichagua maneno kama mtu anayetoa miiba kwenye mguu. Nikamwambia mvua inakuja, na gulioni kuna pamba nje, za watu wengi, pamoja na, samahani baba, ya marehemu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mali ya marehemu haizungumzwi leo," akasema. "Tukishamaliza, kaka yake atakaa na watoto. Wewe ni mtoto mzuri, unajali. Kaa, ugali unaletwa."

Wingu lilikuwa limefika juu yetu. Upepo uliinua vumbi la barabarani, turubai likapiga kofi juu ya vichwa vyetu, watu wakasogeza vigoda katikati. "Tumshukuru Mungu tuna turubai," mtu mmoja akasema, na wengine wakaitikia. Niliuma meno mpaka taya likauma.

Matone ya kwanza yalipoanguka, binti alitoka ndani.

Mfiwa hatoki mkekani hivyo. Alitoka peku, kanga imemshuka mabegani, akapita katikati ya wanaume bila kumwamkia mtu, akafika kwenye mti uliofungiwa kamba ya kwanza, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekaza. Aliinama akalishika kwa meno.

"Mwanangu!" mzee akainuka. "Nani amekutuma uanue matanga?"

Binti akageuka, kamba bado iko mkononi. Hakupaza sauti.

"Matanga bakini nayo, baba," akasema. "Mimi nataka turubai."

Nafikiri hakuna aliyekuwa amewahi kuwaza kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kutenganishwa. Fundo likafunguka, pembe moja ya turubai ikawaangukia wazee. Hapo ndipo dereva aliporuka kwenye kigoda chake kufungua kamba ya pili, na utingo ya tatu, na mimi nikakimbilia ya nne huku nampigia kelele tarishi aweke kikombe chini. Aliweka. Tukalishika hivyo hivyo bila kulikunja, tukavuka nalo barabara, upepo unatuvuta kando, binti yuko mbele.

Pamba ya mama yake ilikuwa pembeni ya banda, rundo kubwa jeupe, kanga mbili juu yake zimewekewa vijiwe. Moja ilikuwa imeshapeperuka. Tukalitupa turubai juu, tukalivuta likafika hadi kwenye marundo ya majirani, tukakanyaga pindo. Mvua ikashuka yote kwa mara moja. Hapakuwa na mawe ya kutosha. Binti akalala kifudifudi juu ya pindo la upande wa upepo, mikono ameitandaza, nami nikakaa juu ya pindo jingine na gauni langu la kazini, nikiwa nimelowa mpaka ndani, bado namgombeza dereva, sijui hata kwa kosa gani.

Nilipoinua macho, wazee walikuwa wanakuja. Waliacha vigoda vyao, wakavuka barabara polepole mvuani, kofia mikononi. Yule shemeji wa marehemu alikuwa amebeba jiwe la mafiga kutoka jikoni. Akaliweka juu ya pindo, karibu na mkono wa binti, akarudi kuleta jingine. Wengine wakafuata mfano wake. Msiba wote ukahamia gulioni, watu wamesimama kuzunguka turubai, maji yanawatiririka usoni.

Mvua haikudumu. Ilipokatika nilimwendea karani kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

"Turubai unalo," nikamwambia. "Toa mizani."

Akatazama wazee, wazee wakatazama chini, naye akaenda kutoa mizani. Akafunua pembe ya turubai, akazamisha mkono ndani ya rundo mpaka begani, huku na kule, juu na chini. Sote tulikuwa tunautazama ule mkono. Alipoutoa ulikuwa mkavu. Akasema ni safi, ya daraja la kwanza, na wadogo wa yule binti wakaanza kujaza magunia.

Magunia yalipokwisha kupimwa, karani akakaa kwenye meza yake kuandika stakabadhi, akachovya kalamu.

"Jina la mwenye pamba?" akauliza.

Binti alikuwa amesimama mbele yake, matope kifuani. Akataja jina la mama yake.

Karani akasita. "Dada, siwezi kumwandika marehemu. Taja lako. Pamba ni yako sasa."

"Alilima akiwa hai," binti akasema. "Akavuna akiwa hai, akakuletea hapa akiwa hai, ukamwambia angoje."

Karani akachovya kalamu tena.

"Andika mama. Mimi nimefunika tu."